Kinachotikisa Pikapu ya Ami

Pikapu ya ami yangu Muhiddin ilikuwa akikanyaga breki inatetemeka kama mtu mwenye homa. Sisi wanawake wakulima wa mwani wa Bwejuu tulikuwa tukipanda nyuma, juu ya magunia. Yeye alikaa mbele peke yake, maana kiti cha pili amekijaza spea na birika la kahawa.

Alishaipeleka mjini kwa fundi Haitham mara mbili. Mara ya kwanza Haitham akabalansi matairi ya mbele. Mara ya pili akazifungua diski za mbele, akazipeleka kuchongwa kwenye mashine, na pedi akatia mpya. Gari likarudi, likatetemeka vilevile. Ami akaanza kuisingizia barabara, na barabara yenyewe lami haijamaliza mwaka.

Nikamwambia mbele ya wenzangu kuwa ugonjwa hauko mbele. Akacheka mpaka akafuta macho. Akaniuliza kama hilo darasa la saba nililoishia walinisomesha na breki. Kisha, kwa vile watu wanasikiliza na yeye anapenda kusikilizwa, akasema:

"Wanu, ukiupata wewe huo ugonjwa, wallahi nnakufundisha kuendesha."

Yeye alitania, mimi nilishika neno. Miaka miwili nlikuwa nikimtazama kwa kioo cha nyuma ya kichwa chake, nshajua wapi anabadilisha gia na wapi anakosea. Kilichobaki ni kupewa usukani.

Jumatano nikafuatana naye mjini. Bi Khairat, ambaye nakalia naye gunia moja, akajialika. Tulipofika Haitham alikuwa tayari keshalegeza nati za tairi la mbele. Nikamwambia kwa adabu aanze nyuma. Akaniuliza nimejuaje.

Hapo nikakwama. Mwanamume nisiyemzoea, nitamwambiaje ni kiungo gani cha mwili wangu kilichonipa habari? Nikainamia kanga yangu. Bi Khairat hakuinamia kitu.

"Kwa kukalia, mwanangu," alisema. "Nyie mmeshika usukani, sisi tumelikalia gari lenyewe. Nani anayejua zaidi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko, Haitham asijue spana aiweke wapi. Nami nikapata nafasi. Nikamwambia siku moja nlimsaidia Ami chini ya gari, nikauona waya wa hendibreki unakwenda kwenye magurudumu ya nyuma tu. Basi watafute pahala hapana watu, waende polepole, wasiguse breki ya mguu, wavute hendibreki kidogo kidogo. Ikitetemeka, mbele hakuna kosa.

Wakakaza nati, wakaenda wawili, Haitham na Ami. Waliporudi Haitham alishuka, akachukua jeki, akapita moja kwa moja nyuma bila kunitazama.

Dramu la kushoto, lile bakuli la chuma ambalo breki ya nyuma hulibana, lilikuwa limepinda, si duara tena. Haitham akauliza nani anayeteremka na gari mpaka pwani breki zikiwa za moto, akaliegesha kwenye maji ya chumvi na hendibreki kaivuta mpaka juu. Sote tukamtazama mtu mmoja.

Madramu yote mawili yakachongwa, yakarudishwa. Njia nzima ya kurudi Bwejuu gari lilisimama kila pahala kimya kimya. Tulipofika Ami akapata la kusema. Kuendesha tutaanza baada ya Ramadhani. Au mvua zikiisha. Kisha na mama yangu lazima aulizwe.

"Mimi sishuki," Bi Khairat alisema kutoka juu ya magunia. "Chakula nitaletewa humu humu."

Wenzetu waliokuwa wakirudi kutoka pwani wakauliza kuna nini. Walipoelezwa, mmoja mmoja wakapanda, wakajipanga, wakafungua na karanga. Saa nzima walikaa. Watu wakaanza kutoka majumbani kuja kuangalia.

Ami akafungua mlango. Akahamisha spea, akahamisha birika, akahamia upande wa pili.

Uwanja wa mpira ulikuwa mtupu. Mara tatu gari lilinizimikia, na nyuma wakanipigia makofi mara zote tatu. Mara ya nne likaondoka. Ami akaanza kusoma dua ya safari, na sisi hata goli la pili tulikuwa hatujalifikia.