Kilo Zangu za Kando ya Barabara

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni kwenye mizani ya barabara kuu, ile inayopima malori. Mbele yangu lipo basi la mkoani, nyuma yangu lipo lori la saruji, na mimi nipo katikati na khanga yangu, nasogea kila wenzangu wanaposogea. Hakuna anayenishangaa. Hata mimi sijishangai.

Kabla sijaendelea, niseme nililala na nini kichwani, maana ndoto haiji mikono mitupu. Mama yangu, Bi Mwanahawa, alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukagoma. Kila asubuhi namnyanyua kitandani, namketisha kwenye kiti barazani apate jua na awasikie majirani wakigombania zamu ya bomba. Hiyo ndiyo redio yake. Ikikosekana siku moja, siku hiyo hali chakula.

Wakati huohuo nilikuwa kwenye kundi la kupunguza mwili. Sisi akina mama wa kamati ya harusi ya binti wa jirani tulikubaliana tuingie kwenye gauni la sare bila kubana pumzi. Kila Jumatatu tunapiga picha za mizani zetu za bafuni na kuzituma kwenye simu. Nikala matango, nikala mchuzi usio na kitu ndani. Wakaanza kunisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nikaacha na maharage.

Alhamisi nilimnyanyua Mama, mikono ikakataa, tukashuka wote wawili hadi sakafuni. Hakuumia. Tulikaa pale tukitazamana mpaka jirani alipokuja kutuinua. Mdogo wangu Shebughe, anayeishi Dar, alipopata habari alipiga simu palepale.

"Dada, huwezi tena. Umekonda mno. Jumapili nakuja kumchukua."

Shebughe ni mtoto mwema. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye anakaa ghorofa ya nne, hana baraza, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mama atalala akitazama dari. Nilipomweleza Mama, aligeuza uso ukutani. Moyo uliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa na kitu. Jumapili yenyewe ndiyo leo.

Basi, foleni.

Anayepima ni mizani yangu ya bafuni, ile ya kioo. Imevaa kofia ya askari na kizibao kinachong'aa, na imesimama wima juu ya sanduku la soda ili ionekane.

"Ekseli ya mbele," inasema, kana kwamba nina magurudumu.

Naweka mguu wa kulia.

"Ekseli ya nyuma."

Naweka wa kushoto. Namba zinakimbia usoni mwake, zinatulia. Nasubiri pongezi, kwa sababu Jumatatu huwa napata pongezi.

"Umebeba nini?" inauliza.

"Sijabeba kitu, mkuu. Nimejitahidi sana. Ugali nimeacha, mafuta nimeacha, chapati hata siitazami."

"Sijauliza umeacha nini. Nimeuliza umebeba nini."

"Sijabeba."

"Kaa pembeni. Hapa hatupitishi mtu anayekwenda bure. Subiri mzigo wako uje."

Nakaa pembeni. Lori la saruji linapiga honi kidogo tu, kwa adabu, kisha linaniegemea. Lina sauti ya mtu mwenye mafua.

"Samahani, dada. Unapunguza ili iweje?"

"Ili niwe mwepesi."

"Ukishakuwa mwepesi?"

"Nivae sare."

"Ukishaivaa?"

"Nicheze, kisha niivue."

Lori linafikiri. Maji yanachuruzika chini ya injini yake.

"Mimi nikienda tupu naruka kila tuta," linasema. "Bodi inapiga kelele njia nzima, dereva ananitukana mpaka ukoo wangu. Nikiwa na mzigo natulia barabarani, naheshimika."

"Sisi watu si malori."

"Kweli," linasema lori. "Mmekuja kupanga foleni tu."

Natazama pembeni, na bila mtu yeyote kuondoka, pale mizani pamekuwa ukumbi wa harusi. Malori yamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mama Sechonge, ameshika kipaza sauti, jasho linamtoka, furaha imemjaa.

"Akina mama, makofi kwa aliyelifikia lengo!"

Mlango unafunguka, linaingia gauni la sare. Linatembea lenyewe. Limekaa vizuri kiunoni, limekaa vizuri mabegani, shingoni hakuna kichwa na chini hakuna miguu. Ukumbi mzima unapiga vigelegele.

"Ndani yupo nani?" namuuliza Mama Sechonge.

"Hakuna mtu. Huoni lilivyokaa?"

Gauni linapita kila meza likipongezwa. Linafika kwangu, linasimama.

"Pole na ya Alhamisi," linasema.

"Nimeshapoa. Wewe ungeweza kumnyanyua Mama?"

"Ningependa sana," linajibu, na naona linasema kweli. "Lakini mimi nanyanyuliwa na upepo. Hata hapa nilipo nimefungiwa dirisha."

Namwonea huruma aliyelifungua dirisha lile, maana nasikia vigelegele vinageuka mayowe. Mimi nimeshatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya ukumbi ni barabara kuu tena, pale mabasi yanaposimama abiria wanunue vitu. Chini ya turubai wamekaa kilo zangu, wanachoma mahindi. Nawajua mara moja, jinsi mtu anavyowajua ndugu zake hata wakimpa mgongo. Ni wale niliowapunguza tangu kamati ianze.

Mmoja ni mnene, mcheshi, amejifunga khanga kifuani. Huyo alikuwa tumboni. Ananikaribisha kwa mikono miwili.

"Karibu, mwenyewe! Tumekuona kwa mbali tukasema, lo, upepo unaleta kitu!"

"Hamjambo?"

"Hatujambo, tumezoea. Hapa biashara ipo."

Nyuma yake wamekaa wengine wawili, wakimya, wakavu, mishipa imewasimama. Hawa siwakumbuki kabisa. Hawakuwa na sehemu ya kuning'inia wala kutikisika.

"Na nyinyi ni wa wapi?"

"Mimi nilikuwa mkono wako wa kulia," anasema wa kwanza.

"Mimi paja," anasema wa pili.

"Lakini nyinyi sikuwafukuza!"

"Ulimfukuza huyu," anasema Mkono, akimwonyesha mnene. "Tukaona mwenzetu anafunga mizigo, chakula hakiji, kazi hakuna. Tukadhani ni safari ya wote."

"Mizani haikuniambia."

"Mizani inajua tumeondoka," anasema Paja. "Haijui nani ni nani."

Ninakaa chini kwenye vumbi. Kila Jumatatu nilikuwa napiga picha nikifurahi, na kumbe nilikuwa naipungia mikono yangu mwenyewe kwaheri. Mnene ananipa hindi la kuchoma, ananiambia nile kwanza. Nakula. Nakula na punje zilizoungua.

Hapo ndipo lori la saruji linapokuja na kusimama mbele yetu. Juu ya mifuko, kwenye kiti chake cha barazani, amekaa Mama. Ameshika ubao wa lori kwa mkono wake mzima, anatazama mbele.

"Dada, mzigo wako umefika," linasema lori. "Nimeambiwa niupeleke Dar, ghorofa ya nne. Ukiushusha, sawa. Usipoushusha, mimi nina safari."

Mizani imetokea tena, kofia imeiinamia usoni.

"Bibi huyu amezidi uzito wa ekseli," inasema.

"Nimezidi nini?" Mama anauliza kutoka juu. "Tangu jana nimekunywa uji tu."

Naparamia lori. Nampitishia Mama mikono kwapani, nanyanyua. Hatoki. Nanyanyua tena, mikono inakataa vilevile kama Alhamisi, na injini ya lori inaunguruma. Natamani kulia, na ndani ya ndoto nalia.

"Mwanangu," anasema Mama, "usilie, saruji itaganda."

Namwangalia yule kilo wa mkono. Amenyanyuka, anapangusa majivu ya mkaa.

"Tukirudi utatupa kazi?" anauliza.

"Kila asubuhi."

"Usiseme kila asubuhi kisha ukatushindisha na matango," anasema Paja.

"Maharage. Mayai. Ugali."

"Dagaa?"

"Na dagaa."

Wanatazamana. Kisha wanapanda, mmoja ananiingia begani, mwingine ananiingia mguuni, bila maumivu, kama wenyeji wanaorudi nyumbani kwao na kukuta vyombo pale walipoviacha. Yule mnene anabaki chini ameshika fimbo ya kugeuzia mahindi.

"Na mimi?"

"Wewe njoo pole pole. Tutaelewana."

"Mimi sina haraka," anasema, na anageuza hindi.

"Sasa sikiliza," anasema Paja kutoka ndani. "Alhamisi ulimvuta kwa mgongo umeinama mbali naye. Ndiyo sababu. Chuchumaa. Mkumbatie mpaka asikie moyo wako. Kisha usimvute yeye, sukuma chini kwa miguu."

Nachuchumaa. Namkumbatia Mama. Ananukia mafuta ya nazi na dawa ya kuchua. Nasukuma miguu. Mama anaondoka kwenye kiti kidogo tu, anarudi.

"Tena," wanasema Mkono na Paja kutoka ndani.

Nasukuma. Anaondoka zaidi kidogo, anarudi.

"Tena."

"Hivi hawa hawachoki?" Mama ananiuliza sikioni.

"Wanasema ndivyo inavyokuwa, Mama."

"Basi fanya. Mimi sitaki ghorofa."

Ni mara ya kwanza analisema. Nasukuma, na Mama anatoka kitini. Mkono wake mzima umenizunguka shingo, bangili yake imenibana hapa nyuma, na nimesimama wima juu ya mifuko ya saruji nimembeba mama yangu mzazi. Nina furaha mpaka naona haya mbele ya lori. Nashuka naye ngazi kwa ngazi, na lori linajiinamisha upande ili nisihangaike.

Mbele ya mizani naweka mguu wa kulia, naweka wa kushoto. Namba zinapanda, zinapanda mpaka zinajaa kioo chote. Sijawahi kuona namba kubwa kiasi hicho usoni mwake, na kwa mara ya kwanza siogopi.

"Umebeba nini?"

"Mama."

Mizani inavua kofia. "Pita," inasema.

Njia ya kupita ni mlango wa nyumba yetu, umesimama peke yake katikati ya lami. Ni mwembamba kama ulivyo siku zote. Najipinda, napita, mguu wa Mama unagonga fremu.

"Taratibu!" anasema Mama.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, jambo ambalo kwangu si kawaida. Nilikumbuka ni Jumapili. Nikaenda chumbani kwa Mama bila kuvaa viatu. Chandarua kilikuwa kimekunjwa juu, shuka limesukumwa pembeni, kitanda kitupu. Nikajua Shebughe ameshafika, na kwa kuogopa kunisikia nikilia ameona bora asiniamshe. Niliegemea ukuta. Sikuwa na hasira naye. Nilisikitika tu kwamba sikumuaga Mama.

Kisha nikasikia watu wakigombania zamu bombani, na mtu akicheka upande wa nje.

Barazani, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, jua limemfika magotini. Shebughe alikuwa amekaa kwenye ngazi, funguo za gari mkononi, macho mekundu kwa safari ya usiku. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu anayehesabu vitu visivyotosha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi, hata mlango sijagonga. Nimemkuta hapa nje. Dada, nani aliyemtoa?"

Nilitaka kumwambia sijui, na ndilo lingekuwa jibu la kweli. Lakini shingo ilikuwa inaniuma nyuma. Nikapeleka mkono. Vidole vyangu vikakuta mkwaruzo umejikunja, nusu duara, una nakshi ya bangili.

"Nani mwingine?" Mama alisema, bila kuondoa macho bombani. "Ni huyuhuyu. Ila mwambie kesho afumbue macho. Amenigonga mguu mlangoni."