Koti Kitini mwa Baba

Nyuma ya milima ambayo wasafiri huitaja bila kuifikia, palikuwa na nchi iitwayo Mahangaiko, na mji wake mkuu uliitwa Pilikapilika. Ardhi yake ilikuwa na rutuba, mito yake haikukauka, na watu wake walikuwa hodari wa kila jambo isipokuwa kutulia. Katikati ya mji palikuwa na uwanja mpana, na humo wanaume walikimbia tangu alfajiri hadi magharibi, kila mmoja ameshika kioo kidogo kisemacho. Kioo kilimwarifu nani amemtangulia na nani anamfuata. Hakikumwarifu wote wanakimbilia wapi. Aliyeuliza swali hilo alidhaniwa mgonjwa, akaombewa afya, kisha akasukumwa mbele.

Kwa kuwa hapana mguu uwezao kuwa uwanjani na nyumbani kwa wakati mmoja, wakuu wa nchi walitunga Sheria ya Koti. Kila baba alipaswa kuwa na koti zuri, na kiti chake mezani kivishwe koti hilo, na palipo na koti palihesabiwa kuwa pana baba. Watoto waliliamkia kabla ya kula. Mama alilishtakia utundu wao, nalo likanyamaza kwa hekima. Likichakaa, baba alifika na jipya, akakivisha kiti, akarudi uwanjani kabla chai haijapoa. Hata kanisani mabenchi ya mbele yalijaa makoti yaliyopigwa pasi, na Kasisi Mapatano, mtu mpole asiyetaka ugomvi na kiumbe yeyote, aliyanyunyizia maji ya baraka na kuyasifu kwa kutosinzia wakati wa mahubiri.

Makoti hayo yalishonwa na fundi mmoja aitwaye Thabiti. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mshono wake haukufumuka, na kwa kazi hiyo alimlisha mkewe Faraja na watoto wao wawili, Shukrani na Tumaini. Lakini kiti chake mwenyewe kilikuwa kitupu mpaka akikalie. Siku watoto walipobatizwa alisimama mbele ya Mungu akaahidi kwamba atawalea yeye katika imani, naye alikuwa miongoni mwa watu wachache waliobaki ambao hudhani ahadi haichakai. Basi kila jua lilipoinama alifunika cherehani yake, akaenda nyumbani, akanawa na watoto katika bakuli moja, akaomba nao, kisha akasikiliza hadithi ndefu ya Tumaini juu ya kuku wa jirani, hadithi isiyo na kichwa wala miguu, akaisikiliza hadi mwisho na kuuliza kuku alikwenda wapi baada ya hapo.

Majirani walimcheka. Walisema mganga hajigangi, na fundi mzima amekosa kitambaa cha koti lake. Mzaha ulizaa minong'ono, na minong'ono ikazaa mashtaka. Thabiti alishtakiwa kwamba kukaa kwake nyumbani kunawatukana mababa wote wa nchi. Adhabu yake ilijulikana: watoto wake wangechukuliwa na kupelekwa Nyumba ya Malezi, ambako koti moja kubwa mno, lililoning'inizwa darini, lilikuwa baba wa watoto wote wasio na koti lao.

Asubuhi ya hukumu Kasisi Mapatano alimjia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha.

"Mwanangu Thabiti," alisema, "kivishe kiti chako koti leo tu. Mlo mmoja, mashahidi wawili, na shtaka linakufa. Mungu hutazama moyo, hatazami viti."

"Baba Kasisi, kama hatazami viti, mbona tunamwekea makoti kanisani?"

Kasisi aliangalia viatu vyake, akasema kwamba hilo ni swali zuri, na kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea.

Alipoondoka, Faraja alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote. "Baba Shukrani, mimi si mwanazuoni," alisema. "Ninachotaka ni wanangu walale humu leo. Kwa koti au bila koti, amua wewe, lakini uwarudishe."

Lakini Thabiti alikuwa na siri. Kwa hofu ya juma zima alikwisha kushona koti la kipimo chake. Alilitoa sandukuni, akakivisha kiti chake, akarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Mabega yake hayakuchoka, kola yake haikuwa na jasho, na lilikaa pale kwa heshima ambayo yeye hajawahi kuwa nayo. Akaona jinsi nyumba inavyoweza kulizoea, na jinsi yeye mwenyewe anavyoweza kushukuru kwamba limezoeleka. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akalivua kitini, akampa Faraja alikate vipande vya kufunga maandazi, akawashika watoto mikono, wakaenda wote wanne mahakamani.

Baraza lilijaa. Juu aliketi Hakimu Taratibu, na mshtaki alikuwa Bwana Fasaha, ambaye ulimi wake ulisifiwa kuwa waweza kumtoa nyoka pangoni na kumuuzia viatu.

"Bwana Thabiti," Fasaha alianza, "makoti ya nchi hii nani huyashona?"

"Mimi, bwana."

"Na kwako je, koti lipo?"

"Halipo."

"Basi wauzia watu usichokiamini. Wewe ni mlaghai, au ni mjinga?"

Watu walicheka. Thabiti alingoja kicheko kiishe. "Hilo ni kosa langu la kweli," alisema, "na si hilo nililoshtakiwa. Nilijua ndani mna pamba na uzi tu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakula. Mheshimiwa Hakimu, nihukumu kwa hilo, nami nitanyoosha mikono. Lakini watoto hawa nilimwahidi Mungu mimi, wala sikumwahidi kwa niaba."

Fasaha alitabasamu. Alisema mahakama haiamui kwa machozi bali kwa ushahidi, na ushahidi anao wa kutosha nyumbani kwake mwenyewe. Akaamuru aletwe binti yake Tunu, aliyelelewa na koti tangu kuzaliwa, pamoja na koti lenyewe na kiti chake. Mtoto aliingia na yaya, nguo zake safi, akaliamkia koti bila kukosea, akasoma sala zote na sheria zote kwa sauti ya wazi. Baraza likapiga makofi.

Hakimu, akitaka kuikamilisha taratibu, aliinama na kumuuliza, "Na huyu bwana aliyesimama hapa unamfahamu?"

Tunu alimtazama Fasaha kwa adabu. "Ndiyo, namfahamu. Ni yule bwana anayetuletea koti jipya."

Kicheko kilianza upande wa kushoto wa baraza, lakini hakikufika kulia. Kila mtu alikumbuka nyumba yake, na wapo walioanza kuhesabu vidoleni majina ya watoto wao na kukwama. Fasaha aliligeukia koti lake kitini, kisha akamgeukia binti yake.

Hakimu Taratibu alifunga kitabu cha sheria. Alisema kwamba sheria inadai palipo na koti pana baba, na leo mahakama imeliona koti wala haikumwona baba. Kwa hiyo haiwezi kumnyang'anya watoto aliye baba ili kumpa kisicho baba. Watoto wa Thabiti ni wake. Sheria irudi kwa walioitunga, wakaisome nyumbani kwao. Na fundi, kwa kosa alilokiri, asishone tena ila nguo za kuvaliwa.

Thabiti aliitikia, na Faraja akawakumbatia watoto akilia bila sauti. Nje walimkuta Fasaha kivukoni mwa barabara, kioo chake kikimwita mfukoni, naye hakitazami. Tunu alikuwa kando yake na yaya wake. Fasaha alimsogelea Thabiti, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Ndugu yangu, mtu huanza vipi?"

"Sijui njia kubwa," Thabiti alisema. "Mimi huwauliza wamekula nini."

Fasaha alichuchumaa vumbini na suti yake. "Tunu, umekula nini leo?"

Mtoto alifikiri. "Bado. Tunakula tukirudi. Ni maharage." Akamchunguza usoni, kama mtu anayepima kitu kigeni. "Koti huwa halili. Wewe unakula?"

"Nakula," alisema Fasaha.

"Basi njoo."