Mkwe Hashikwi Kiuno

Siku ya tatu tangu ajifungue, Justina alikuwa bado yuko wodini Shinyanga, damu haikatiki, na alilolitaka ni moja tu: mama yake. Mama yuko Ushirombo, na mabasi mwaka ule ndiyo hayo, leo lipo, kesho halina tairi. Basi mumewe Kamili, fundi pikipiki, akaitoa karakanani Honda ya mzungu wa mgodini, ile ya silinda nne iliyoletwa kubadilishwa breki. Ruhusa angeiomba baadaye.

Jamani, chombo kile! Kamili alizoea vipikipiki vya mabwana shamba, vinavyokohoa kwenye kila kilima. Hiki kilimlaza kifudifudi juu ya tangi, na kila alipovuta mafuta, mikono ilitaka kung'oka mabegani. Gia ya tatu tu, mashamba ya pamba yanakimbilia nyuma. Tairi likacheza mchangani, moyo ukamruka, akajikuta anacheka peke yake. Kisha akaona haya, mtu mkewe yuko vile naye anacheka. Aliondoka saa mbili. Saa tano alikuwa ukweni.

Mama mkwe, Salvina, aliipokea habari akiwa amempa mgongo, kwani kwao mkwe hatazamwi usoni, seuze kuguswa. Akapanda upande, akakunja kanga mara nne, akaiweka kati yao, akashika chuma cha nyuma ya kiti.

Balaa likaanzia hapo. Kamili akivuta mafuta kidogo tu, mama anateleza nyuma, nusura adondoke. Na pikipiki ya mbio haijui kutambaa. Injini ilichemka, ikazima, wakasubiri ipoe, wakaondoka, ikazima tena. Neno lilikuwa moja, nishike, ila halisemeki. Utamwambiaje mkweo akukumbatie kiuno mchana kweupe? Salvina naye alijua kwamba ni yeye anayewachelewesha, maana alikuwa akilia na kuiambia barabara, si mkwewe, kwamba watafika. Baada ya Kahama lori la pamba likawapita, likawamwagia vumbi. Kamili alilitukana moyoni lile lori, akaitukana na mila, akajitukana na nafsi yake.

Walifika jua likizama. Muuguzi aliwakuta mlangoni, mkononi ana kitenge cha Justina kimekunjwa vizuri. Alikata roho saa kumi, akasema, na mpaka dakika ya mwisho alikuwa anauliza kama mama amefika.

Asubuhi ilibidi watangulie kupeleka habari za msiba nyumbani Ushirombo, maiti ifuate kwa gari, pamoja na kichanga. Salvina alitoka na kanga ile ile, akajitanda nayo kichwani. Akapanda, akamzungushia Kamili mikono yote miwili kiunoni, akamlalia mgongoni mbele ya watu wote.

"Kimbiza sasa, mwanangu," akasema.

Kamili akawasha. Gia ya kwanza ikamshinda kuingiza.