Taa ya Mahder na Mashuka ya Akina Mama

Taa aliyoibuni Mahder ilikuwa inamwaibisha. Katika maabara ya chuo, juu ya vichupa vya damu, mwanga wake wa buluu uliyeyusha manjano vizuri kabisa. Wodini, juu ya watoto wachanga wenye manjano, ikagoma. Mtoto anapimwa asubuhi, anapimwa jioni, manjano yako pale pale.

Daktari Gebeyehu, mkuu wa wodi ya watoto pale Jimma, Ethiopia, hakumung'unya maneno. "Ijumaa nakurudishia taa zako, mwanangu. Mtambo ulioletwa kutoka ng'ambo ni mmoja na wagonjwa wanaupangia foleni, lakini angalau unafanya kazi."

Zikirudi, hakuna hospitali nyingine itakayozigusa. Mahder alijua hivyo. Akakagua balbu na nyaya, akapima mwanga. Hakuona kasoro.

Jumatano mchana akachoka, akafuata harufu ya kahawa hadi kibaraza cha nyuma, wanakokaa wanawake wenye watoto waliolazwa. Bibi Asegedech, aliyekuja kumuuguza mjukuu, alikuwa ameshika birika la udongo.

"Kaa, mwanangu. Kwetu mtu haondoki kabla ya kikombe cha tatu."

Mpaka kikombe cha pili walikwisha kumsema mume wa nesi mkuu, bei ya vitunguu na viatu vipya vya daktari, vinavyolia kama bata. Cha tatu kilikuwa kinamiminwa pale mtu alipokohoa ndani ya wodi, mara tatu, kikohozi kikavu. Zenebech, binti wa bibi yule, aliyekuwa na siku chache tu tangu ajifungue, akainuka mbio, kandambili zikipiga sakafu.

"Kulikoni?" Mahder akauliza.

Wakatazamana. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. "Kikohozi ndiyo ishara: nesi anapita. Zenebech anakwenda kumfunua mtoto."

"Kumfunua? Kwani mnawafunika?"

"Wee!" Bibi Asegedech akaweka birika chini. "Mtoto wa juzi aachwe uchi chini ya mwanga ule? Akipigwa na mich, utamlea wewe?"

"Bibi, mich si ule ugonjwa watu wanasema unaletwa na jua? Ile ni taa."

"Haya. Na wewe jana ulivuka uwanja na mwavuli, mawingu hakuna, mvua hakuna. Ulikuwa unamkimbia nani?"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mahder naye akacheka. Mama yake mwenyewe alikuwa akimsugulia majani ya damakase, dawa ya mich, puani kila alipotoka juani akiumwa kichwa. Shahada hazikuuondoa mwavuli mkononi.

Akaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Taa ni nzima. Mwanga unaishia kwenye shuka."

"Basi niweke askari mlangoni."

"Askari atakunywa kahawa nao, na kukohoa atajua. Daktari, niruhusu niipindue taa. Mwanga utoke chini, mtoto alale juu ya plastiki angavu. Huko juu wafunike wapendavyo."

Gebeyehu akakuna kidevu. "Ijumaa ni Ijumaa."

Usiku ule fundi wa chuo alitoboa kitanda. Asubuhi Mahder akapima mwanga na joto, daktari akakagua kila kitu, kisha wakamwomba Zenebech ruhusa. Akachungulia chini ya kitanda. "Mwanga haugusi uso?" Alipoonyeshwa kitambaa cha kukinga macho, mwenyewe akamlaza binti yake, akamfunika.

Ijumaa majibu yakatoka: manjano yameshuka.

"Mtoto mmoja si ushahidi," daktari alisema.

"Najua. Nipe wodi nzima nijaribu mpaka Pasaka ipite."

"Nakupa. Lakini ile taa ya kwanza nayo uitangaze: ilishindwa, na kwa nini. Chuo kizima kisikie."

Wenzake Mahder wangemcheka mwaka mzima kwamba taa yake ilishindwa na kipande cha shuka. "Nitaitangaza," akasema.

Aliporudi wodini, akamkuta Bibi Asegedech anamtandazia mjukuu shuka la pili.

"Moja linatosha, bibi. Atapata joto kupita kiasi."

"Hilo la kwanza ni la mich. Hili ni la baridi."

"Bibi!"

"Usinipigie kelele, utamwamsha."

Mahder akachukua kipimajoto, akavuta kiti, akakaa kando ya bibi, alinde joto la mtoto.