Upande wa Alto

Muuzaji alinivika hedifoni ya tatu, na nusu ya kwaya ikapotea tena. Soprano walikuwepo, wanang'aa kama sufuria zilizosuguliwa kwa majivu. Lakini upande wa alto, niliposimama mimi mwenyewe siku tuliporekodi, palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

"Vipi?" aliuliza.

"Nzuri," nikasema, nikaivua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akaguna. Yeye ndiye aliyenitoa nyumbani asubuhi ile. Ni fundi cherehani, na sauti yake imezoea kushindana na mashine. Alikuwa amechoka kuniona nimejikunyata jikoni, mimi niliyekuwa nikiimba hata nikimenya vitunguu. "Twende tukakutafutie za kusikilizia," alisema. "Mdomo ukigoma, masikio yapewe chakula."

Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeniachia uhai, ikachukua sikio la kushoto. Daktari alinieleza nikiwa peke yangu, nami nikaifungia siri hiyo kifuani. Mwanakwaya kiziwi, nani angemtaka? Wenzangu niliwaambia koo halijapona.

Muuzaji hakukata tamaa. "Unapenda muziki gani hasa, dada? Maana hizi ni za besi, zinatikisa kifua."

"Kwaya. Sauti tupu, bila vyombo."

"Ungesema mapema!" Akaleta nyingine, nyepesi. "Hizi hazitii chumvi. Utasikia mpaka mtu akivuta pumzi."

Nikasikia pumzi kweli. Za soprano. Machozi yakanilenga, nikageukia rafu ya chaja.

Wifi akaninyang'anya, akajivika. Akafumba macho, akaigeuza kulia kushoto, kushoto kulia. Kisha akatangaza:

"Kumbe wamegawanywa! Hawa huku, hawa kule. Sasa kaka, wifi yangu sikio lake la kushoto limelala. Unamuuzia nusu wimbo?"

Duka zima likageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nani kakwambia?" nilinong'ona.

"Aniambie nani? Unadhani kwa nini mezani nilihamia upande wako wa kulia?"

Muda wote ule nilidhani anafuata chungu cha mboga.

Muuzaji akaomba simu yangu, akabonyeza mahali. "Nimeunganisha pande mbili. Sasa kila kitu kitaingia kulia."

Kwaya ikaingia nzima, kwa mlango mmoja, wanasukumana kama wageni wa harusi. Na chini ya soprano, alto: yule mama anayewahi kuanza ubeti, yule anayeng'ang'ania neno la mwisho. Na mimi. Sikuwahi kujua kwamba sauti yangu ina joto lile. Nililia mbele za watu bila haya, na wifi akanishikia mkoba, akawakodolea macho waliokuwa wakinitazama mpaka wakaona aibu wao.

Tangu siku ile nimeimba kwenye harusi na misiba nisiyoikumbuka yote. Ninachokikumbuka vizuri ni pale nje ya duka, jua likituchoma utosini.

"Haya, imba," wifi aliniamuru.

"Hapa? Barabarani?"

"Kwani ni ya baba wa nani?"

Nikaanza, kwa woga. Alto peke yake si wimbo, ni kama ukuta usio na paa. Wapita njia hawakujua hata naimba nini. Wifi, ambaye hajawahi kupatia noti hata moja maishani mwake, akakohoa kidogo, akashika soprano.