Tumbo la Ngalula na Mkate wa Symphorien

Ngalula aliolewa na mwoka mikate, na ugonjwa wake ulianza mwaka uleule. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, hata yeye mwenyewe. Waliishi Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi uliokuwa bado unaitwa Élisabethville, na kila asubuhi mumewe, Symphorien, alirudi kutoka kazini na mkate wa moto uliofungwa kwenye gazeti. Wake wa majirani walimwonea wivu.

Kwa miaka mitatu aliharisha. Tumbo lilijaa upepo, choo kilikuwa cheupe chenye mafuta, na yeye, fundi cherehani, alizipunguza nguo zake mwenyewe mara mbili. Daktari mmoja alimpa dawa ya minyoo, kisha ya amiba. Zilipokosa kusaidia, akaandika kwenye fishi yake, kadi ya hospitali, maneno mawili ya Kifaransa: côlon irritable, utumbo wenye hasira.

"Ni mishipa, mama," alimwambia. "Mwaka huu nani haumwi tumbo?"

Ilikuwa vigumu kumbishia. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na watu wa asili ya Kasai, kama Ngalula na mumewe, walisimamishwa barabarani wakaulizwa kabila. Hata Léonie, dada yake Symphorien aliyekaa nao, aliambiwa ana ugonjwa huohuo.

Septemba 1961 watu wa Kasai walianza kukamatwa majumbani. Wote watatu walikimbilia kambi ya wakimbizi, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walijenga kibanda cha magunia na mabati. Chakula kilikuwa unga wa mahindi, maharage na samaki wakavu. Hofu ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, risasi zilisikika hata mchana. Lakini kufikia wiki ya tatu, Ngalula alishangaa kuona tumbo lake limetulia.

"Mulamu, unaona?" alimwambia wifi yake. "Kama iko woga tu, hapa ningeshakufa. Lakini tumbo yangu imenyamaza."

"Yangu haikunyamaza," Léonie alijibu, mkono chini ya kitovu. "Hapa njo inaniuma zaidi. Nikienda choo, inapoa kidogo. Kesho inarudia."

Mwezi Novemba Symphorien alipata gunia la unga wa ngano. Akatoboa pipa la mafuta, akalizungushia udongo, akawa na tanuri. Harufu ilivuta foleni ndefu. Mkate wa kwanza alimpelekea mkewe, naye aliula kwa furaha hadi makombo. Siku ya tatu alikuwa anakimbilia choo cha kambi, akishika ukuta wa magunia asianguke.

Akaacha mkate siku kumi. Tumbo likatulia. Kisha, kwa makusudi, akala tena mkate mzima. Ugonjwa ukarudi.

"Bwana yangu, iko mukate," alimwambia mumewe.

"Mukate gani?"

"Mukate yako. Njo inaniumiza."

Symphorien alifuta mikono taratibu. "Bantu mia banakula hii mukate. Hakuna muntu anaumwa. Weye peke?"

"Miye peke. Njo maana nataka kujua."

Akampa mgongo, akarudi kwenye tanuri yake. Ngalula hakumsubiri apoe. Alikwenda kupanga foleni kwenye zahanati ya kambi, asubuhi tatu mfululizo, hadi akafika mbele ya Antoine, muuguzi aliyemfahamu tangu Kamalondo.

"Mama Ngalula, fishi yako inasema côlon irritable."

"Fishi haina tumbo, Antoine. Tumbo iko yangu. Uniitie docteur."

Daktari alikuwa mwanamke mgeni mwenye miwani, aliyezungumza Kifaransa polepole. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaangalia ulimi wake, kucha, ndani ya kope, akampima uzito. Kisha akasema kwamba utumbo wenye hasira unauma kweli, lakini haumkondeshi mtu hivyo wala haumpunguzii damu. Upo ugonjwa mwingine, unaitwa maladie cœliaque, ambamo ngano yenyewe huuumiza utumbo hadi usiweze kunyonya chakula. Madaktari wengi huutafuta kwa watoto tu, akaongeza, lakini watu wazima pia wanao.

"Kuna jambo gumu," alisema. "Umeacha mkate, na utumbo umeanza kupona. Nikikupima leo huenda nisione kitu. Inabidi ule mkate kila siku, wiki mbili, ndipo nipime. Unaweza kukataa."

"Nitakula," Ngalula alisema. "Na wifi yangu atakula, umpime na yeye."

Akala. Sasa Symphorien ndiye aliyemletea mkate, kila asubuhi, akikaa kumtazama. Mashavu yalizama, vidonda vikatoka mdomoni. Siku ya tisa alimnyang'anya.

"Acha. Nimeamini."

"Weye umeamini," Ngalula alisema. "Docteur bado. Leta."

Alinyoosha mkono mpaka akarudishiwa, akauchovya kwenye chai, akaumaliza.

Vipimo vilitoka vikitofautiana. Choo cha Ngalula kilijaa mafuta chini ya darubini, na damu yake ilikuwa pungufu. Damu ya Léonie ilikuwa nzuri, choo chake hakikuwa na mafuta, na uzito wake haukupungua hata kidogo. Ulaya, daktari alieleza, wangechukua kipande kidogo cha utumbo ili wawe na hakika kamili. Hapa chombo hicho hakikuwepo. Lakini kwa alichokiona, Ngalula aache ngano na shayiri maisha yake yote, hata bia.

"Basi yangu iko woga tu?" Léonie aliuliza.

"Hapana. Wewe ndiye mwenye utumbo wenye hasira, na huo ni ugonjwa wa kweli. Hofu huuchochea, lakini hujaubuni. Ila hauharibu utumbo wako. Kula kidogo kidogo, kwa saa zilezile, uangalie chakula gani kinakuchokoza. Mkate sikukatazi."

Léonie alilia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba maumivu yake hakuyabuni.

Symphorien alihamisha ubao wake wa kukandia nyuma ya kibanda, akatenga sufuria moja isiyoguswa na unga wa ngano. Jioni ile yeye mwenyewe alisonga bukari, ugali wa mahindi. Ilikuwa na madonge, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilizidi chumvi.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Ni mbaya," Ngalula alisema. "Niongezee."

Kufikia Machi alikuwa ameanza kuzitanua nguo zake, mshono mmoja baada ya mwingine, na wanawake wa kambi walikuwa wanakuja kumuuliza ni dawa gani anayokunywa.