Turubai la Mashua ya Wybren

Siku ya kuzaliwa ya Wybren haikuwa na mwaliko. Pale Heeg, kijiji cha kando ya ziwa, haihitaji mwaliko. Saa ya kahawa ilipofika watu walijiingilia wenyewe, wakavua viatu vya matope mlangoni, wakaizunguka sebule wakimpa kila mtu mkono: hongera kwa mumeo, hongera kwa kaka yako, hongera kwa shemeji yako. Hata jirani asiye na undugu na mtu alipongezwa. Kisha wakaketi kwenye viti vilivyopangwa duara, sahani za keki magotini, na midomo ikafunguka.

Hiske, mkewe, alikuwa jikoni. Tangu alfajiri alikuwa amemwogesha mume, akamvisha, akamlisha, akakimbilia gatini kutoa maji ya mvua kwenye mashua, akarudi kupanga viti. Tangu Wybren apigwe na kiharusi, mwanamke huyu alikuwa kama nguo iliyokamuliwa mpaka ikasahau umbo lake.

Yote aliyaweza, ila ile mashua ya tanga. Turubai lake la zamani lilikuwa limelegea katikati, mvua inatuama juu yake kama kwenye bakuli, kisha inapenya. Kila kukicha, kata na ndoo. Kwa hiyo alikuwa ameshakata shauri: mlingoti ulazwe, lishonwe turubai la bapa, mashua ipelekwe kwenye ghala la Douwe, kaka yake Hiske, yaishe. Kilichomshinda ni kumwambia Wybren. Mashua ikilazwa mlingoti ghalani na mwenyewe amekaa kitini, Heeg nzima inajua maana yake.

Siku hiyo Sjerp, fundi matanga, alikuja kwenye sherehe na mfuko wa vipande vya vitambaa. Alivimwaga mezani, na duara zima likavirukia.

"Bluu," alisema Tjitske, dada yake Wybren, kabla hata hajameza keki. "Kijivu ni rangi ya msiba."

"Bluu inapauka, shemeji," alijibu Douwe. "Jitazame macho. Si yalikuwa bluu hayo?"

"Yamepaukia kukutazama wewe!"

Sjerp aliinua vipande viwili. "Hiki cha pamba kinapumua, mbao hazitaoza. Hiki kingine chepesi, hakipitishi maji, lakini mbao zinatoka jasho chini yake."

"Tumuulize mwenye mashua," alisema Tjitske. "Kaka, bluu, sivyo?"

"Ndiyo," alisema Wybren.

Kiharusi kilikuwa kimembakishia neno hilo moja tu. Lilitoka lenyewe, aulizwe asiulizwe.

"Shemeji, kijivu?" Douwe naye akajaribu.

"Ndiyo."

"Hee! Huyu sasa agombee udiwani!" jirani alisema, na vicheko vikagonga dari.

Sjerp hakucheka sana. "Rangi tutaelewana. Mimi nataka kujua nikate vipi. La mlingoti uliosimama, au uliolazwa?"

"Uliosimama!" alisema Tjitske. "Kaka yangu atapona, atapanda mashua yake."

"Na mpaka apone, nani anatoa maji?" aliuliza Douwe. "Sjerp, sema kweli."

"Kweli ni kwamba hata turubai jipya, pale shingoni linapouzunguka mlingoti, maji hayakosi njia. Yatapungua. Hayataisha."

"Si wifi yupo," alisema Tjitske.

"Wifi yupo," alirudia Hiske. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Aliliweka chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, magoti kwa magoti.

"Wybren, nimechoka. Nalisema mbele ya watu wako ili nisije nikaambiwa nilikunyemelea. Tuulaze mlingoti?"

Wote walilisubiri lile neno. Douwe alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Wybren alifungua mdomo, akaufumba. Mkono wake mzima uliukamata mkono wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Neno lilikuwa kooni, linasukuma, naye amelizuia kwa meno. Uso ulimwiva.

"Kaka?" Tjitske alishtuka.

"Mwache," alisema Hiske.

Alimngoja. Wybren angeitikia, kesho Hiske angelala mpaka jua lichomoze. Aliutamani usingizi ule kama mwenye kiu anavyotamani maji, na bado hakumuuliza mara ya pili. Wybren hakutoa sauti.

Hiske alishusha pumzi ndefu.

"Sjerp, shona la mlingoti uliosimama. Pamba. Kijivu, halionyeshi uchafu."

Tjitske alipiga makofi.

"Acha makofi, wifi. Kesho asubuhi njoo uchukue ndoo. Wewe na Douwe mtapokezana, na mimi nitakuwa wa mwisho kwenye zamu."

"Mgongo wangu, wifi…"

"Ulipokuwa unachagua bluu, mgongo ulikuwa mzima."

Duara lilivunjika mbavu. Wybren naye alicheka kwa ule upande mmoja wa uso, meno yakaachia, na neno likatoka: "Ndiyo."

Hiske alilinyanyua birika. Kahawa ilikuwa imepoa. Alirudi jikoni akiburuta miguu, akateleka maji mengine, akaegemea ukuta na kufumba macho mpaka maji yalipochemka.